Ufa Usiozibwa

Sisi walimu humwonya mwanafunzi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, wako watu ambao kazi yao ni kuutafuta ufa, na wauonapo hufurahi.

Ufa huo una ndugu zake mbali. Mkazi wa Mute, kaskazini mwa Cabo Delgado, anao mmoja chini ya bahari iliyo mbele ya pwani yake: bonde la Kerimba, ambalo wataalamu wengi hulihesabu kuwa tawi la Bonde la Ufa lile lile lipitalo Naivasha. Ila Olkaria moto wa volkano umekaribia uso wa ardhi.

Uchimbaji ulianza huko mwaka 1956, kwa visima viwili. Joto lilionekana, lakini mvuke wa kuendeshea mitambo haukupatikana. Hapa wengi hukosea, wakidhani joto latosha. Mwamba wa moto usio na nyufa hauna njia ya kupitishia maji, wala mvuke hauwezi kukifikia kisima.

Kabla ya kuchimba tena, wataalamu walipima ardhi kwa umeme, maana mwamba uliolowa maji moto yenye chumvi huupitisha umeme kwa wepesi kuliko mwamba mkavu. Kuanzia 1970 Umoja wa Mataifa ulishirikiana na Kenya katika kazi hiyo. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi. Kufikia 1985 mitambo ilikuwa mitatu.

Katika miaka ya 1990 walianza kusikiliza. Vipima-tetemeko vilitandazwa Olkaria kunasa mitetemo midogo ambayo binadamu haihisi. Wimbi la mtetemo lipitapo katika mwamba wenye nyufa nyingi zilizoelekea upande mmoja, hugawanyika mawili: moja hufuata mwelekeo wa nyufa na kutangulia, jingine huzikata na kuchelewa. Lile la mbele huonyesha nyufa zimeelekea wapi. Kuchelewa kwa la pili hudokeza wingi wake. (Sijaona mfano bora wa kumfundishia mtoto fizikia kwa Kiswahili.)

Hata hivyo, hakika hupatikana kisimani. Mchimbaji hushusha tope jembamba la kupozea kekee, nalo hurudi juu. Siku lisiporudi, limemezwa na ufa.