Safu

Fundi wa sauti atundikapo vipaza sauti kimoja chini ya kingine, hata vikawa kama mkufu mmoja mbele ya hadhara, hutumia jina la Kizungu, ilhali lugha yetu imekwisha kumwandalia neno, nalo ni safu, tulilolipokea kwa Waarabu, na ambalo Mbajuni wa Burgao alijua tangu utotoni, kwani ndilo alitamkalo imamu akiwahimiza maamuma wasimame bega kwa bega pasiwe na upenyo.

Upenyo huo ndio siri yote. Vipaza sauti vikiachana, mawimbi ya sauti nyembamba hugongana na kufutana. Vikikaribiana hata nafasi baina yao ikawa chini ya nusu ya urefu wa wimbi, ambao kwa mitetemo 1,000 kwa sekunde ni kama sentimita 34, huungana vikasema kwa kauli moja. Ndipo sauti, ambayo kwa kipaza kimoja hupungua desibeli 6 kila masafa yazidipo maradufu, hupungua 3 tu karibu na safu, ikawafikia wa nyuma bila kuwaudhi wa mbele. Mfaransa Christian Heil aliitia elimu hii katika mtambo wake wa V-DOSC mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na pwani, kaskazi ivumapo, sauti iendayo kinyume cha upepo huinuka ikapita juu ya vichwa; hilo nalo lahitaji hesabu.

Jina “kipaza sauti” latatiza, maana ndicho kisemewacho na ndicho kisikilizwacho. Enyi mafundi, mkufu ule uiteni safu.