Kanisa Lililoachwa Nusu: Historia ya Lastingham



Mwaka huu tumechagua kuwasimulia historia ya kanisa la Mtakatifu Maria katika kijiji cha Lastingham, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Wenzetu waishio nchi hiyo walilitembelea, wakatuletea habari zake.

Katika karne ya 7 Askofu Cedd alianzisha monasteri mahali hapo. Mwaka 664 alifariki kwa tauni, akazikwa hapohapo. Mwaka 1078 watawa kutoka Whitby, wakiongozwa na Abate Stephen, walianza kujenga upya. Walianzia chini, kwa kujenga chumba kizima cha ibada chini ya sakafu ya kanisa, mahali panapoaminika kuwa kaburi la Cedd. Chumba hicho kina sehemu ya katikati, njia mbili za pembeni, na ukuta wa nusu duara upande wa mashariki. Nguzo nne fupi na nene zinabeba dari ya matao ya mawe. Hushukiwa kwa ngazi kutoka ndani ya kanisa lenyewe.

Kabla hawajamaliza sehemu ya juu, yapata miaka 10 baadaye, watawa walikuwa wamehamia York. Jengo likabaki nusu. Baadaye likawa kanisa la wanakijiji. Hawakulibomoa. Waliziba ukuta pale watawa walipoishia, na vizazi vilivyofuata vikaongeza njia za pembeni na mnara. Dari ya mawe inayoonekana juu leo ni kazi ya msanifu John Loughborough Pearson ya mwaka 1879, miaka 800 hivi baada ya ujenzi kuanza. Mpaka leo watu wanasali humo.

Tumeyaeleza haya kwa sababu zahanati ya kijiji chetu imefika kwenye lenta na kusimama. Wapo wanaosema fedha zetu zimezikwa. Sisi tunasema msingi ni mzima na kuta ni imara. Kilichobaki ni kenchi, mabati na milango. Lakini mama mjamzito anayepakiwa kwenye pikipiki usiku hawezi kungoja vizazi. Michango ya mwaka huu ni ya paa. Tunaomba kila mmoja atoe alichojaliwa, ili tulichokianza tukimalize sisi wenyewe.