Historia ya Ufa: Jinsi Kauri Ilivyotiwa Nguvu

Mfinyanzi anayeponda magae ya chungu kilichovunjika na kuyachanganya na udongo mbichi ajua jambo ambalo wataalamu walilipatia hesabu katika karne ya 20 tu: adui wa kitu cha udongo ni ufa unaopita bila kizuizi.

Mwaka 1921, Mwingereza A. A. Griffith alichapisha uchunguzi wake juu ya kioo, ambacho huvunjika ghafla kama kauri. Alionyesha kwamba nyufa ndogo mno ndizo zinazokiondolea nguvu, na kwamba uzi wa kioo ukizidi wembamba huzidi uimara. Mwaka 1939, Waloddi Weibull wa Uswidi alieleza kwa hesabu kwa nini vipande vinavyofanana havivunjiki kwa mzigo mmoja. Kwa hiyo kupima kipande kimoja hakutoshi. Vipande vingi hulazwa, kimoja kimoja, juu ya vitegemeo viwili na kukandamizwa kutoka juu hadi vivunjike, ndipo hukumu itolewe.

Mwaka 1975 ulileta njia mbili. Katika Australia, R. C. Garvie na wenzake walitangaza zirikonia ambayo chembe zake huvimba ufa unapozikaribia, zikaubana. Nchini Japani, Seishi Yajima na wenzake walitengeneza nyuzi za kabidi ya silikoni: waliivuta polima iwe uzi, kisha wakaichoma katika joto kali hadi ikageuka kauri.

Hata hivyo, nyuzi peke yake hazikutosha. Zikishikamana mno na kauri inayozizunguka, ufa huzikata zote pamoja, na kitu kizima huvunjika kama sahani. Dawa yake ni kinyume cha matarajio: nyuzi hupakwa utando mwembamba wa kaboni au wa nitridi ya boroni ili mshikamano upungue. Ufa ukifika hapo hugeuka njia, nyuzi huchomoka kidogo kidogo, na kipande huendelea kubeba mzigo hali kimekwisha kupasuka.

Mwaka 2016, injini ya ndege iitwayo LEAP ilianza kusafirisha abiria ikiwa na vipande vya kauri ya namna hiyo kuzunguka turbini yake, penye joto kali. Uzito wa kauri hiyo ni kama theluthi ya ule wa aloi za nikeli. Hivyo maisha ya watu yamekabidhiwa kwa kitu kilichojulikana kwa udhaifu wake. Ufa wenyewe haukuondolewa. Ulitengenezewa njia isiyoua.