Watahiniwa Wawili wa Kemia

Mtihani wa shahada ya udaktari una taabu moja ambayo haijapata dawa. Mtahiniwa hutakiwa alete jambo jipya, na wanaomhukumu ni watu waliojipatia heshima kwa mambo ya zamani. Jambo likiwa dogo hukubaliwa bila ya ugomvi; likiwa kubwa huenda likakosa mtu wa kulipima. Historia ya kemia katika karne ya 19 ina vijana wawili waliofika penye mlango huo, na kila mmoja alipita kwa njia yake.

Wa kwanza ni Jacobus Henricus van 't Hoff, aliyezaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1852. Alisoma Bonn kwa Kekulé, kisha Paris kwa Wurtz. Siku hizo wanakemia walisumbuliwa na asidi ya maziwa. Ile ya maziwa yaliyochacha na ile ya misuli ya nyama zilikuwa na atomu zile zile, kwa hesabu ile ile, zimeungana kwa utaratibu ule ule. Lakini ya misuli iligeuza mwali wa nuru iliyochujwa, na ya maziwa haikuugeuza. Mnamo Septemba 1874 van 't Hoff alitoa kijitabu chembamba cha Kiholanzi. Alisema kuwa mikono minne ya kaboni haikulala bapa kama inavyochorwa karatasini, bali imeelekea pembe nne za umbo lenye nyuso nne za pembetatu. Ikishika vikundi vinne mbalimbali, hupatikana maumbo mawili, mfano wa kiganja cha kulia na cha kushoto: yamelingana kwa kila kitu, wala moja haliwezi kukaa mahali pa jingine. Asidi ya misuli ni ya umbo moja; ile ya maziwa ni mchanganyiko wa yote mawili, na moja hutangua lifanywalo na mwenziwe. Mfaransa Le Bel alifikia wazo hilo mwaka huo huo kwa njia yake mwenyewe.

Desemba ya mwaka ule van 't Hoff alisimama Utrecht kutetea tasnifu yake. Tasnifu hiyo haikuwa juu ya kaboni na pembe zake, bali juu ya asidi ya sianoasetiki na asidi ya maloniki, kazi njema ya kawaida. Alifaulu. Ikiwa ilikuwa hadhari au adabu, matokeo ni mamoja: wazo kubwa halikupita mbele ya mtahini. Dhihaka ilikuja baadaye. Mwaka 1877 Hermann Kolbe wa Leipzig, bingwa mwenye jarida lake, alimcheka kijana huyo, wakati ule mwalimu katika chuo cha matibabu ya wanyama, kwamba alipanda farasi mwenye mabawa badala ya kufanya utafiti.

Wa pili ni Svante Arrhenius wa Sweden, aliyezaliwa mwaka 1859. Yeye aliliweka wazo lake ndani ya tasnifu. Mwaka 1884 alipeleka Chuo Kikuu cha Uppsala kurasa 150 juu ya jinsi miyeyuko inavyopitisha umeme, akidai kuwa sehemu tu ya chembe za chumvi au asidi iliyoyeyushwa ndiyo itendayo kazi, na kwamba sehemu hiyo huzidi kadiri maji yanavyozidi. Wakuu wa Uppsala, akiwamo mwanakemia Cleve, hawakuvutiwa. Alipewa shahada, lakini kwa daraja la chini lisilofungua mlango wa ualimu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Arrhenius alikuwa amepeleka nakala kwa wataalamu wa nchi nyingine, na mmoja wao, Wilhelm Ostwald wa Riga, alikuwa na vipimo vyake vya nguvu za asidi. Alivilinganisha na hesabu za kijana, akaona vinakubaliana. Mwaka huo huo alifunga safari hadi Uppsala, akampa Arrhenius kazi. Ndipo na wenyeji walipompa nafasi.

Njia za vijana hawa zilikutana mwaka 1887. Van 't Hoff, wakati huo profesa Amsterdam, alikuwa amegundua kuwa miyeyuko ya sukari hufuata sheria moja na gesi, bali ya chumvi huizidi, kana kwamba chembe ni nyingi kuliko zilizotiwa. Arrhenius alitoa jibu: zimekwisha kugawanyika ndani ya maji kuwa ayoni, kila moja na chaji yake. Makala zao zilitoka katika juzuu la kwanza la jarida la kemia ya fizikia lililoanzishwa na Ostwald na van 't Hoff. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1901, iliyo ya kwanza, alipewa van 't Hoff; ya mwaka 1903 alipewa Arrhenius, na Cleve alikuwa hai.

Isidhaniwe kuwa kila aliyepewa daraja la chini ni Arrhenius. Wakuu wa Uppsala walikuwa na haki ya kushuku: tasnifu ilidai mengi, na wazo lake halikukamilika hadi mwaka 1887. Tofauti yao na Ostwald si wema wa moyo. Wao waliitazama tasnifu. Yeye aliipima kwa vipimo vyake. Mtahini asiyeweza kupima jambo jipya ana wajibu wa kumtafuta awezaye, kwani kijana wa Utrecht amekwisha kuonyesha hasara ya kukosa hilo: mwenye wazo huleta mtihanini lile litakalopita, na chuo hutoa shahada bila ya kujua ni nani aliyesimama mbele yake.