Pumzi ya Landrova

Historia ya Kigoma si ya watawala na wapelelezi peke yao. Ipo nyingine iliyoandikwa kwa spana. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 injini hizo za mvuke ziling'olewa, zikawekwa za dizeli. Liemba ikabaki Liemba.

Nayasema haya kwa sababu hapa kwetu Katonga kuna ubishi. Mjomba ana Landrova ya zamani, injini ya petroli ya lita 2.25, aina iliyoanza kutumika mwaka 1958. Inabeba dagaa. Kabureta yake, Zenith, imechoka: mfuniko umepinda, petroli inapita ovyo, moshi mweusi. Vijana wanamshauri anunue kabureta kubwa ya midomo miwili pamoja na manifodi pana, yaani yale mabomba yanayogawa hewa na petroli kwenye silinda. Mzee mmoja fundi anakataa katakata. Na fedha yenyewe ndiyo ya nyavu mpya. Ikipotea hapo, msimu umepotea.

Mimi niko upande wa mzee. Tuangalie injini hiyo ilizaliwa kwa kazi gani. Nguvu zake ni farasi 77 tu, lakini mvuto wake mkubwa unapatikana mapema, kwenye mizunguko 2500 kwa dakika. Ilitengenezwa kwa tope, mzigo na milima. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Kigoma kutoka Nairobi kwa Landrova iliyojaa mizigo pomoni. Hakuna aliyekuwa akishindana mbio.

Sasa, bomba jembamba huifanya hewa ikimbie hata injini ikizunguka polepole. Hewa ikikimbia, petroli inapeperuka nayo kama ukungu. Ukiweka bomba pana, hewa inazubaa, petroli inageuka matone na kushika ukutani, silinda moja inashiba na nyingine inalala njaa. Manifodi ya zamani pia imeshikana na ile ya moshi, nayo huazima joto la kuyeyushia petroli. Ukiitupa, umetupa na joto hilo.

Basi kushika ya kale maana yake ni kung'ang'ania Zenith iliyopinda? La hasha! Ipo Weber ya mdomo mmoja inayokaa juu ya manifodi ile ile. Nguvu inapungua kidogo, petroli inapungua pia. Hata meli kama Liemba yafaa itazamwe kwanza inabeba nini na inakwenda wapi. Nasi tuitazame kwanza barabara ya Katonga, na ndoo za dagaa zilizo nyuma, ndipo twende dukani.