Pumzi ya Gari Dogo: Kutoka Safari ya 1993 Hadi Barabara za Kahama na Geita

Kila mashindano ya magari ya Safari yanaporejea Naivasha, kama yalivyorejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, mazungumzo katika gereji za Shinyanga, Kahama na Geita huacha bei ya dhahabu kwa muda na kuingia katika magari, na aghalabu huishia kwenye Subaru Impreza yenye turbo, gari ambalo baadhi ya vijana waliojaliwa riziki machimboni hulitamani kuliko jumba la ghorofa. Walakini wengi wanaousifu mgurumo wake hawaijui tarikhi yake, wala hawajui kwamba sifa za gari dogo lenye hewa ya kusukumwa zilithibitishwa hapa hapa Afrika Mashariki, mbele ya macho ya wazee wao.

Maarifa yenyewe ni ya kale: Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza mwaka 1905, na magari ya watu binafsi yenye turbo yakaanza kuuzwa Marekani mwaka 1962. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka injini, mizunguko zaidi ya laki moja kwa dakika, ili isukume hewa nyingi ndani ya silinda; supachaja hufanya kazi hiyo hiyo, ila huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Kwa watu wa ukanda wetu, ulioinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, jambo hili lina maana ya pekee, kwani hewa ya Geita ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takriban sehemu moja katika kumi, na injini ya kawaida hupungukiwa nguvu kwa kadiri hiyo, ilhali yenye turbo hujitafutia yenyewe pumzi iliyokosa.

Safari ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, aliishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, fahari ya Tanzania ambayo leo ni nadra kusikia ikitajwa. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye turbo, na tangu hapo hapakuwa na ubishi tena juu ya nguvu ya hewa ya kusukumwa. Ubishi uliobaki ulikuwa juu ya udogo wa gari.

Ubishi huo ulijibiwa katika Pasaka ya mwaka 1993. Subaru walileta Nairobi gari lililowashangaza wote waliolitazama, Vivio, gari la tabaka dogo kabisa katika sheria za Japani, lenye injini ya sentimita za ujazo 658, supachaja, magurudumu manne yenye kuvuta, na uzito wa kama kilo 700 linapotoka kiwandani. Kanuni za mashindano ziliuzidisha ukubwa wa kila injini yenye hewa ya kusukumwa kwa 1.7, hata Vivio ikahesabiwa kuwa na zaidi ya sentimita 1,100, na kwa hesabu hiyo ikaingizwa katika daraja la magari yasiyozidi 1,300. Shindano lile lilikuwa la maelfu ya kilomita za mawe, vumbi na madimbwi, na mbele ya gari hilo zilisimama Celica za lita 2. Mmoja wa madereva wake alikuwa Colin McRae wa Uskochi, kijana mwenye mori, ambaye aliliendesha kwa kasi iliyowastaajabisha wenye magari makubwa, mpaka gari likamharibikia akatoka. Mwingine alikuwa Patrick Njiru wa Kenya. Njiru alifahamu kwamba gari jepesi huvunjwa na shimo moja lililopitwa kwa pupa, akaitunza Vivio, akaifikisha mwisho katika nafasi ya 12 na kushinda daraja lake. Toyota walitwaa nafasi 4 za kwanza, Juha Kankkunen akiwa mshindi, na magazeti yakawaimba hao. Lakini kwa rai yangu kazi ya Njiru ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi mwaka ule, kwa kuwa ilionyesha kwamba injini ndogo hudumu ikiwa mwenye kuishika ana akili na subira.

Mwaka uliofuata Njiru alimaliza wa 4 kwa Impreza, McRae akashinda kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Milango ya biashara ilikuwa imekwisha kufunguliwa tangu zama za Rais Ali Hassan Mwinyi, na magari yaliyotumika Japani, yenye usukani upande unaotufaa, yakaingia kwa wingi bandarini Dar es Salaam na kupanda hadi kwetu.

Hapa ndipo ninapohuzunika. Turbo hulainishwa na oili ile ile ya injini, na oili chafu huiua upesi. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la barabara za machimbo huinyima pumzi. Na dereva aliyetoka mbio akazima injini papo hapo, bila kuiacha ingurume polepole kwa dakika moja au mbili, huikaanga oili ndani ya feni iliyo moto. Haya si siri, lakini fedha nyingi humalizikia kwenye bomba la moshi lenye kelele, na mashindano hufanywa usiku katika barabara kuu, penye malori, bodaboda na watoto wa watu.

Halmashauri za Geita na Kahama hupokea ushuru wa huduma kutoka migodini. Nazisihi zitenge uwanja mbali na makazi, wenye gari la wagonjwa, wazima moto na wasimamizi, ili kijana mwenye Subaru aliyoinunua kwa jasho lake apate mahali halali pa kuipima, na barabara kuu ziachiwe wasafiri.