Uchachushaji Tumboni: Jina la Kazi Anayoifanya Ng'ombe Akicheua

Mtazame ng'ombe aliyelala zizini jioni. Donge linapanda shingoni, linafika kinywani, analitafuna taratibu, analimeza. Kitambo kidogo donge jingine linapanda. Anacheua. Kati ya donge na donge anapiga mbweu isiyosikika sana, na sisi hatuihesabu. Wanasayansi wa tabianchi wanaihesabu.

Istilahi yao ya kimataifa kwa kazi inayozaa mbweu hiyo imejengwa juu ya neno la Kigiriki enteron, yaani utumbo. Anayefasiri neno kwa neno ataandika "uchachushaji wa utumbo", na hapo atampoteza msomaji. Sehemu kubwa ya kazi hii haifanyiki utumboni. Inafanyika katika tumbo la kwanza kati ya manne, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100. Humo, pasipo oksijeni, vijidudu huyavunjavunja majani kama chachu inavyofanya kazi ndani ya chungu cha togwa. Hidrojeni inayobaki huchukuliwa na vijidudu wengine, wakaiunganisha na kaboni dioksaidi, ikawa methani. Nyingi hutokea kinywani, si nyuma kama wengi wanavyodhani.

Ndiyo maana nashikilia "uchachushaji tumboni". Tena uchachushaji, si uchachukaji: majani hayo hayachachi yenyewe, yana wanaoyachachusha.

Kosa la pili ni kuiita methani ya mbweu hiyo "hewa ukaa". Hewa ukaa ni kaboni dioksaidi. Methani ni gesi nyingine: kwa kipindi cha miaka 20, kilo moja ya methani hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, lakini hudumu angani kwa miaka 12 hivi tu. Tukiipunguza leo, nafuu yake tutaiona sisi wenyewe, hatuwaachii wajukuu.

Istilahi hii husaidia kueleza tofauti iliyopo kati ya sahani ya nyama ya ng'ombe na sahani nyingine. Mwaka 2018 Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Kwa kila gramu 100 za protini, nyama ya ng'ombe wanaofugwa kwa ajili ya nyama ilibeba wastani wa kilo 50 za gesijoto, zikipimwa kwa mizani ya hewa ukaa. Kuku, kilo 6 hivi. Njegere, chini ya nusu kilo. Si tumbo peke yake. Kuna misitu inayofyekwa kuwa malisho, kuna samadi. Lakini kuku hacheui, na mimea ya jamii ya kunde, kama njegere, haina tumbo: mizizi yake huhifadhi bakteria wanaoipatia naitrojeni kutoka hewani, hivyo haihitaji sana mbolea ya naitrojeni.

Wastani wa dunia, hata hivyo, haumsemi kila mfugaji. Nairobi, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ina vyumba maalumu vya kupimia pumzi za ng'ombe wa Afrika Mashariki wenyewe. Mfugaji wa nyanda kavu za Longido, ambako maharage hayastawi kwa uhaba wa mvua, simwambii aache ng'ombe wake. Namwambia mwenzangu wa mjini, ambaye kunde na choroko ziko genge la jirani, na nyama choma ni ya kila wikiendi: punguza ya ng'ombe.

Nawe mwandishi mwenzangu, ukiandika habari hizi, andika methani, na chanzo chake kiite uchachushaji tumboni.